Majivu Kwenye Tuta la Baba Nomsa

Mkasa huu sijawahi kuusimulia wote. Wapo wanaojua nusu ya kuchekesha, ile ya Mzee Filipo kumwagikiwa maji ya kahawia katikati ya hotuba, na mpaka leo wakinikuta mahali wananyoosha kidole juu kwenye dari na kucheka, nami nacheka nao, maana nisipocheka watataka kujua nusu ya pili. Leo nasimulia zote mbili, na nakiri mapema ili msihangaike kunitafutia udhuru: kila kilichoharibika siku ile nilikiharibu mimi, kwa mikono yangu miwili na digrii yangu moja.

Digrii yenyewe ni ya kemia. Niliipata Bujumbura, nikaibeba mpaka Johannesburg ndani ya bahasha ya plastiki, na kazi iliyonipokea huku ikawa kulinda magari kwenye maegesho ya duka kubwa, nimevaa kizibao cha kung'aa, nawaelekeza wenye magari jinsi ya kurudi nyuma (jambo wanalolijua). Mtu akiwa na kemia kichwani na kizibao mwilini hupata maradhi ya kuhoji kila kitu. Nilihoji wachungaji, nilihoji dawa za kikohozi, nilihoji kwa nini robot, yaani taa za barabarani kwa lugha ya huku, ya kona ya kwetu inakaa kwenye nyekundu muda mrefu kuliko nyingine, nikasimama pale na saa nikaipima (ilikuwa sawa na nyingine).

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa La Rochelle, ghorofani, katika nyumba ya zamani yenye sakafu za mbao zinazolia ukikanyaga. Ghorofa yote ilikuwa imekodishwa na Mama Nomsa, Mtanzania wa Morogoro, na mumewe Baba Nomsa, mwenyeji wa hapa hapa ambaye ujanani alikimbia ubaguzi wa rangi akaishia Tanzania, akaoa huko, na alipourudia mji wake alirudi na mke na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Binti yao Nomsa alikielewa chote akakijibu kwa Kizulu. Wakanipa mimi chumba cha pembeni, na wakanipa kitu kingine ambacho hakikuandikwa popote: waliniamini.

Baba Nomsa alikuwa na saratani iliyoingia kwenye mifupa. Vidonge vya hospitali vilimletea usingizi na kutapika, maumivu vikayaacha palepale. Kilichomsaidia ni bangi. Naitaja kwa jina lake, ingawa miaka ile ilikuwa kosa la kumpeleka mwenyeji jela, na mgeni mwenye karatasi ya ukimbizi kama mimi ingempeleka mbali zaidi ya jela. Mama Nomsa aliichemsha polepole kwenye mafuta ya nazi, akamnywesha mumewe kijiko asubuhi na kijiko jioni, na mzee aliyekuwa anauma shuka ili asipige kelele akawa anaweza kukaa kitini, akasikiliza mpira redioni na kuwatukana marefa.

Waliipanda wenyewe, chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa blanketi, taa zinaning'inia kwa minyororo. Palikuwa na tuta la mbao, refu kama kitanda, limeinuliwa juu ya matofali, ndani yake plastiki yenye matundu na chini trei za kukinga maji. Mzee alilipigilia misumari mwenyewe mikono ikiwa bado na nguvu. Juu yake ilisimama miche mitano. Mama Nomsa aliiita watoto.

Basi Juni ya mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia, Mama Nomsa akapigiwa simu kwamba mama yake kazidiwa Morogoro. Ilibidi aende, wiki tatu, na Nomsa alikuwa anatoka kazini akiwa amekwisha. Akanishika mkono akaniingiza chumba cha nyuma.

"Dezi mwanangu, sikiliza. Kila asubuhi unatia kidole udongoni. Mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umekishika, funga mlango, nenda kazini. Kikitoka kikavu ndiyo unamwagia. Jagi mbili, polepole."

"Jagi mbili kila mche?"

"Tuta zima."

"Na kwa nini kiungo cha pili, Mama, si cha kwanza? Vidole vya watu havilingani."

"Tumia chako, basi. Na usitie kitu kingine chochote. Samadi nimeshatia, maganda ya mayai nimeshasaga nimeshatia. Udongo huu umekaa sawa, usiuchokoze. Chupa ya mafuta iliyobaki inamtosha mzee mpaka nirudi, haizidi hapo. Nikirudi navuna. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Sikukubali tu.

Siku ya kwanza nilitia kidole, kikatoka na udongo umekishika, na nikajiona mjinga. Kidole! Watu wamepeleka vyombo mwezini, mimi napima unyevu kwa kiungo cha pili. Tena taa zile zilikuwa kali, chumba kikavu, na baridi ya Johannesburg unaijua, inakausha mpaka midomo. Kwa hesabu yangu mimea ile ilikuwa na kiu na Mama Nomsa aliibania kwa mazoea tu ya watu waliozoea kubania. Nikaanza kumwagia kila asubuhi. Jagi mbili, halafu tatu. Trei za chini zikijaa nazimwaga, nafurahi, nasema maji yanazunguka.

Baada ya wiki watoto wakainamisha majani. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Baada ya siku chache majani ya chini yakawa ya manjano, na udongo ukaanza kunuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Kila asubuhi Baba Nomsa aliniuliza kutoka kitandani, mlango uko wazi kidogo, "Watoto wanaendeleaje?" nami namjibu, "Sharp, Mzee," yaani safi kwa lugha ya huku, naye ananyanyua dole gumba juu ya shuka. Kumpigia simu Mama Nomsa ningeweza. Ningemwambia nini? Kwamba kidole chake kilikuwa na akili kuliko mimi?

Ndipo nikamkumbuka mama yangu. Kwetu mlimani, kila Jumamosi mama alikuwa anabeba majivu ya jikoni kwenye sahani ya bati, anayarusha kwenye maharage, na maharage yetu yalikuwa mazuri kuliko ya jirani. Udongo wa kule ni mchachu, majivu yanaukata uchachu. Hili hata chuoni tulilisoma, nikaliandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Nikajiambia, haya basi, udongo wa tuta umechacha, dawa yake naijua toka utotoni. Nikashuka uani kwenye jiko la kuchomea nyama, nikachota majivu ndoo ndogo nzima (ndoo, si sahani), nikayamwaga kwenye tuta, nikayachanganya, nikamwagia maji juu. Yaani mimi, niliyehoji mpaka taa za barabarani, jambo hilo sikulihoji hata dakika moja. Lilikuwa la mama yangu.

Siku nne baadaye ncha za majani zilikuwa zimeungua kama zimepitishwa motoni, na majani machanga, yale ya juu kabisa, yamekuwa meupe yenye mishipa ya kijani.

Pale kazini kulikuwa na duka linalouza vitu vya mabwawa ya kuogelea. Ijumaa nikanunua karatasi za kupimia maji ya bwawa, zile unachovya zinabadilika rangi. Jumamosi asubuhi nikachukua udongo kidogo, nikauloweka, nikachovya. Rangi ikapita ile ya mwisho kwenye kibandiko. Udongo haukuwa mchachu hata kidogo. Ulikuwa umeelekea kwenye sabuni. Mama Nomsa alikwishatia maganda ya mayai, udongo ulikuwa sawa, mimi nikaongeza ndoo ya majivu. Maharage ya mama yanapigwa na mvua inayosomba kila kitu kwenda bondeni. Tuta la mbao halina bonde.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angepiga simu. Mimi nikasema: basi niuoshe. Kama mvua inasomba, nitaileta mvua. Nikavuta mpira wa maji kutoka bafuni, nikauweka katikati ya tuta, nikafungua bomba kidogo, maji membamba kama uzi, nikapanga kukaa hapo na kuzimwaga trei kila zikijaa.

Sasa jueni kwamba Jumamosi ile ile, chini ya nyumba hiyo hiyo, Mama Diella, Mrundi mwenzangu aliyepanga sebule kubwa na vyumba vya chini, alikuwa anapokea wakwe. Binti yake Diella alikuwa anakuja kuombwa rasmi na upande wa kijana mmoja wa mtaa wa Yeoville. Kwa kuwa ndugu zao karibu wote wamebaki nyumbani, alikuwa ameniomba nikae benchi la upande wa binti kama kaka. Nilikuwa nimeshavaa suti. Mara sauti yake ikapanda ngazi:

"Dezi! Wageni wamefika na benchi letu liko kama la kanisa la Jumatatu! Shuka!"

Nikaangalia uzi wa maji. Nikajiambia dakika kumi. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikatia ufunguo mfukoni, nikashuka. Uamuzi wenyewe ndio huo. Mdogo hivyo.

Asiyejua shughuli zetu nimweleze: pande mbili zinakaa zinatazamana, na kila upande una msemaji, mzee wa maneno, na msemaji wa wageni akishasimama hakuna anayenyanyuka upande wa binti. Ukinyanyuka umewaambia hatuwataki. Msemaji wao alikuwa Mzee Filipo, fundi cherehani wa Yeoville, mlokole, suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, na alikuwa mtu asiyejua neno fupi. Alianza na salamu za mikoa yote. Akaja kwenye historia ya ukoo. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita, mimi jasho linanitoka katika baridi ya Juni, nasogeza tako moja mbele, na Mama Diella ananikazia macho nalirudisha.

"Sisi ni wapita njia tu," Mzee Filipo akasema, akaenda kwenye mafumbo ya desturi, "tumetembea mbali, koo zimekauka, tukasikia nyumba hii ina maji matamu..."

Tone likamwangukia kwenye upara.

Akapangusa, akaendelea. Likaja la pili, kwenye bega la suti ya kijivu, likaacha doa la kahawia. Watu wakaanza kutazama juu. Mimi peke yangu niliyatazama magoti yangu, maana harufu ilikuwa imeshanifikia, samadi na majivu ya baridi, na katika chumba kile cha watu arobaini ni mimi tu niliyejua jina lake. Kisha ubao mmoja wa dari ukajikunja kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia, na maji yakashuka yote, kwa Mzee Filipo, kwa karatasi zake, kwa keki.

"Ni bomba la bafuni!" nikaruka. "Kaeni, kaeni, napanda mimi!"

Lakini ukwe una taabu zake. Upande wa kijana wote wakasimama wakivua makoti, kila mmoja anataka kuonekana mkwe mwema asiyekaa watu wakizama, wakanipita kwenye ngazi. Walipofika maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa chumba cha nyuma.

"Ufunguo uko wapi?"

"Sijui," nikasema, na mkono wangu uko mfukoni juu yake.

Bwana harusi mwenyewe, ambaye ni mchomeleaji wa vyuma na ana mabega ya kazi hiyo, akausukuma mlango mara moja.

Taa. Blanketi dirishani. Tuta limejaa mpaka ukingoni kama sufuria ya uji, mpira wa maji unatambaa polepole juu yake, na miche mitano ya manjano imelala ubavu. Nyuma yangu ngazi zilikuwa zimejaa watu. Akina mama walikuwa wameshafika.

"Dezi," akasema Mama Diella taratibu. "Hii ni nini?"

Ningeweza kunyamaza. "Lengalenga," nikasema, yaani mchicha wa kwetu.

Mzee Filipo, maji yanamtiririka shingoni, akasogea, akachuma jani, akalinusa, akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Mwanangu, mimi lengalenga nimeila miaka sitini."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Polisi wakija leo tunaondoka wote na vitambulisho vyetu," na hapo kicheko kikaisha. Kisha nikasikia mkongojo. Watu wakagawanyika ukutani. Baba Nomsa, ambaye kwa wiki nzima hakuwa ametoka kitandani, alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake ya kulalia.

"Msimwonee huyu," akasema. "Si yake. Ni yangu. Ni dawa yangu."

Watu hawakuwa wanamtazama yeye usoni, walikuwa wanatazama vifundo vya mikono yake, jinsi vilivyobaki mifupa. Yeye alikuwa anatazama tuta. Akalisogelea hatua kwa hatua, akatia kidole, na kidole kikazama chote bila kukutana na kitu. Akakinusa.

"Majivu," akasema. "Nani alitia majivu?"

"Mimi, Mzee. Nilidhani udongo umechacha. Nyumbani mama yangu..."

"Uliniambia sharp," akasema. "Kila asubuhi."

Hakupaza sauti. Ningelipa chochote apaze.

Mwenye nyumba alikuwa ameshapigiwa simu kuhusu dari na alikuwa njiani. Hapo wageni wale, walokole niliobishana nao kila Jumapili, walifanya kitu ambacho sikukitarajia: Mzee Filipo akavua koti lake lililoharibika, akakunja mikono ya shati, akasema, "Haraka." Wakang'oa miche, wakazima taa na kuzishusha, na akina mama wakamwaga maharage na mchele kutoka kwenye vikapu vya zawadi, vile vyenye vifuniko vya kuchongoka, wakaitia miche humo, wakashuka navyo vichwani kwa mwendo wa sherehe, wakampita mwenye nyumba getini, naye akawapongeza. Mizizi niliiona ikipita. Ilikuwa nyeusi, laini, imeoza. Nomsa aliyekuwa amerudi kutoka kazini akashika shina moja, maua yake yana ukungu wa kijivu, akaniuliza kwa Kizulu kama hakuna hata kidogo kinachoweza kuchemshwa. Nikatikisa kichwa. "Eish, Dezi," akasema, akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso.

Shughuli ilimalizikia uani. Diella aliombwa akatolewa. "Binti tunamchukua kwa furaha," Mzee Filipo akamalizia, yuko na shati lililolowa, "huyu kaka yake mtabaki naye wenyewe," na uani kote wakaangua kicheko. Nusu ya kuchekesha inaishia hapo.

Mama Nomsa alirudi wiki iliyofuata, amemzika mama yake. Akaingia chumba cha nyuma, akasimama mbele ya tuta tupu na kitambaa cha msiba bado kichwani.

"Ulitia kidole?"

"Siku ya kwanza."

Akatingisha kichwa kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichoweza kununua. Mbegu mpya zingehitaji miezi, na mwenye nyumba alishaanza kupanda ngazi kila wiki kukagua mabomba. Ya kununua mitaani walijaribu mara moja, ikamtapisha mzee siku mbili. Chupa iliisha siku aliyosema itaisha.

Chumba changu kilipakana na chao kwa ukuta wa mbao. Julai yote na Agosti yote niliamka kwa sauti ya mtu anayeuma shuka. Redio haikuwashwa tena. Nilikuwa namletea chai kabla ya kwenda kazini, na asubuhi moja nikamwambia, "Nisamehe, Mzee," akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, sasa toka, nataka kulia kidogo." Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Msibani mtu mmoja aliniona, akanyoosha kidole kwenye dari, akatabasamu.

Nimelihoji hilo kama ninavyohoji yote, na nimefika hapa: ugonjwa ulimuua wenyewe, hauhitaji msaada wangu. Lakini maumivu ya ile miezi miwili yalikuwa na dawa yake, imepandwa, imestawi, imebakiza siku chache, nikakabidhiwa mimi. Hayo ni yangu. Tena sikuyaleta kwa kutokujua. Niliyaleta kwa kuhoji kidole cha mama wa mwingine na kutokuhoji majivu ya mama yangu.

Mama Nomsa alirudi Morogoro mwaka uliofuata. Siku ya kuondoka aliniambia tuta nibaki nalo, hakuna atakayelibeba. Sasa liko uani, chini ya bati, nimepanda lengalenga, za kweli. Kila asubuhi kabla ya kuvaa kizibao natia kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, jagi mbili, polepole. Kikitoka na udongo umekishika siulizi kitu. Nafunga geti, naenda kazini.